Meza ya vitabu vya mitumba, Mwembe Tayari, Mombasa: nyota tatu, na ukurasa mmoja uliotoroka

Nilikwenda kutafuta kamusi, nikarudi na muuaji.

Meza yenyewe haina kibao. Iko upande wa Mwembe Tayari, kati ya muuza chaja za simu na mama wa mahamri, vitabu vimetandazwa juu ya gunia. Nikaokota mkusanyo wa hadithi fupi za kutisha za Kiingereza, jalada limebanduka. Kijana akataja mia mbili na hamsini. Sijafungua mdomo, akaongeza: "Na hakuna ukurasa uliotoka, mamangu, wallahi." Tukashindana, nikampa mia na hamsini, nikapanda tuktuk.

Mimi nimekuwa mkalimani wa mahakama miaka 26. Mtu anayekana jambo ambalo hajaulizwa, hata usingizini ningemsikia. Siku ile sijui masikio niliyaacha wapi.

Hadithi iliyonishika ni "The Tell-Tale Heart" ya Edgar Allan Poe, iliyotoka mara ya kwanza Januari 1843 katika jarida la Boston lililoitwa The Pioneer. Ni fupi, waimaliza kahawa haijapoa. Msimulizi hana jina. Anakaa nyumba moja na mzee, lakini hasemi ni baba yake, mwajiri wake au nani. Anachokisema, tena mwanzo kabisa, ni kwamba yeye hana wazimu. Kwani nani kamwuliza?

Ushahidi wake ni uangalifu. Usiku saba mfululizo, saa sita, anafungua mlango wa mzee taratibu, na kuingiza kichwa peke yake kwamchukua saa nzima. Anatusimulia kwa majivuno, kama fundi anayeonyesha mlango aliouchonga. Kizimbani nimewafasiria watu wa namna hii: hakimu anauliza ulikuwa wapi, yeye anaeleza alivyokuwa makini. Kazi yangu ilikuwa kufasiri, si kuhukumu, lakini masikio hayana adabu hiyo.

Kisha anasema alimpenda mzee. Mzee hakumkosea kitu. Dhahabu yake hakuitaka. Haya, ni nini basi? Jicho. Jicho la buluu iliyopauka, lina utando, kama la tumbusi. Hapo nilikifunga kitabu kwanza nikaenda kuinjika chai. Mwongo wa kawaida angetubakishia sababu moja ya kueleweka, deni au urithi. Huyu anaziondoa zote kwa mkono wake na haoni alichobakiwa nacho.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kijineno kidogo. Usiku wa nane mzee amekurupuka, ameketi kitandani anasikiliza giza. Msimulizi anasema, kama mtu anayepita njia, kwamba hata yeye hukaa vivyo hivyo usiku baada ya usiku, akisikiliza wale wadudu wa mbao wanaogonga ukutani. Ala! Kumbe halali. Sisi tuliolelewa chini ya boriti za Mji wa Kale twajua ubao ukitafunwa usiku unavyoweza kukutia mashaka. Punde anasikia mdundo wa chini, wa haraka, anasema ni moyo wa mzee unapiga. Mwenye kitabu kabla yangu alikuwa ameandika hapo kwa penseli pembeni, "moyo wa mzee". Mimi nikaandika chini yake: "au mdudu, au moyo wake mwenyewe."

Mzee anauawa, anafichwa chini ya mbao za sakafu. Saa kumi alfajiri wanakuja polisi watatu, maana jirani alisikia ukelele. Anawakaribisha, anawatembeza, anaweka kiti chake palepale juu ya maiti. Wanapiga soga. Masikio yanaanza kumvuma. Nikageuza ukurasa, nikakuta hadithi nyingine. Karatasi imechanwa, yamebaki meno.

Sikulala vizuri. Nyuma ya risiti ya duka nikaandika: "Atajitaja mwenyewe. Polisi hawasikii kitu." Mtu aliyetuambia mapema kuwa anasikia ya mbinguni, ya duniani na mengi ya jehanamu, sauti yake ya mwisho siwezi kuitafuta sakafuni.

Siku ya pili nikarudi. Kijana kuniona tu: "Mamangu, mimi sikuchana." Nikamwambia, "Mwanangu, hata salamu bado." Akacheka. Kwa haki yake, alipekua maboksi karibu nusu saa, akapata kitabu kingine chenye hadithi ile ile, akanipa kiti, akaenda kunitolea kopi ya ukurasa kwa pesa yake.

Nilikuwa nimepatia: anapiga kelele mbao zing'olewe. Ila kuna jambo sikuliotea. Anaamini moyo wa mzee ungali unapiga chini ya sakafu, polisi wanausikia na wanajifanya hawausikii, wanamcheka. Hata ukimya wa watu kwake ni ushahidi. Nimerudia mistari ile mara nne.

Kuhusu meza: vingi ni vitabu vya mitihani, hadithi ziko chini kabisa, uiname. Bei ya kwanza si bei. Nyota moja nimeikata kwa ukurasa, nyingine kwa kile kiapo.

Kabla ya kuondoka nilichukua kitabu kimoja zaidi, cha mia. "Hiki nacho kizima," akasema. Nikaomba kiti tena, nikavaa miwani, nikaanza kuhesabu kurasa.