Uzoefu wangu na Copernicus Browser: kuusoma mto Rufiji kwa picha za setilaiti

Niliifungua Copernicus Browser, tovuti ya kutazama picha za setilaiti, mara ya kwanza Aprili 2024, maji yakiwa yameshatufikia. Huku Muhoro na Chumbi watu walikuwa wanapita kwa mitumbwi palepale walipokuwa wakipita kwa bodaboda. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji, na kutwa nzima nilikuwa naulizwa swali moja tu: visima vipi vimefunikwa? Sikuwa na jibu. Mpwa wangu aliyesomea mambo ya upimaji akanitumia kiungo. "Mjomba, ingia humo, jiandikishe kwa barua pepe. Ni bure."

Bure kweli. Hulipii picha, labda bando, na hilo nitalisema baadaye.

Picha zenyewe ni za setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel. Nilianza na Sentinel-2 kwa sababu picha zake zinafanana na za kamera, mtu yeyote anazielewa. Kila kidoto cha picha ni mita 10 kwa 10 za ardhi, na hupita juu yetu kila baada ya siku 5. Kiangazi utaipenda. Masika ni kichekesho: nilifungua tarehe hii, mawingu; nikafungua ile, mawingu; bonde lote limefunikwa kama godoro la sufi, na mafuriko yako chini yake.

Nikahamia Sentinel-1, yenye rada. Hii haingoji jua na wingu haliizuii. Inatuma mawimbi yake chini, kisha inapima yanavyorudi. Maji yaliyotulia huyatelezesha mawimbi hayo yakaenda zake upande mwingine, yasirudi kwa setilaiti, ndiyo maana kwenye picha maji huonekana meusi. Ukiweka picha ya kabla ya mvua na ya baada, ukavuta ule mstari wa katikati kulia na kushoto, unauona mto ukinenepa mbele ya macho yako. Usiku ule sikulala.

Kesho yake nikaharibu. Niliona utepe mweusi kando ya mto, nikaupiga picha na kuutuma kwenye kundi letu la WhatsApp: maji yamevuka, watu wahame. Mzee mmoja, mkulima wa bondeni tangu ujana, akanipigia simu. "Mwanangu, hapo pana mchanga. Mto ulihama zamani, ukaacha mchanga." Alikuwa sahihi. Mchanga mkavu uliolala sawasawa nao hauyarudishi mawimbi, unatoka mweusi vilevile kama maji. Nikaomba radhi kwenye kundi, wakanicheka wiki nzima.

Kosa la pili halikuwa la kuchekesha. Visima viwili niliviandika kuwa ni salama kwa sababu kwenye picha palikuwa peupe. Vilikuwa chini ya miti, na maji yalifika magotini. Mpwa wangu ndiye aliyenieleza: chini ya miti, wimbi hugonga maji, likadunda kwenye shina, likarudi juu kwa nguvu, kwa hiyo msitu uliofurika hung'aa badala ya kuwa mweusi. Tangu hapo situmi kitu kabla yule mzee hajakaa kando yangu akaitazama picha.

Nisimdanganye mtu: hii si ya kukuonya mafuriko yanakuja. Rada ya Sentinel-1 wakati ule ilikuwa imebaki na setilaiti moja, maana ya pili iliharibika Desemba 2021, na ile moja hurudi njia yake ileile baada ya siku 12. Rufiji haikungoji siku 12. Desemba 2024 walirusha nyingine, Sentinel-1C, kwa hiyo huenda hali ikawa nafuu. Lakini kwa kujua mvua ya kesho, sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni.

Mimi faida niliiona maji yalipoanza kushuka. Nilizunguka na simu nikichukua alama ya kila kisima, nikaziweka juu ya picha ya rada, halafu mzee akasahihisha sehemu za miti. Tukapata orodha ya visima vilivyolala ndani ya maji yaliyopita pia vyooni. Hivyo ndivyo tulivyoanza kuvitapisha na kuvitia klorini, na wenye navyo tukawaambia wachemshe maji. Kabla ya hapo tungeanza na kisima cha mwenye sauti kubwa kikaoni.

Halafu mlau. Asiyetoka kwetu huenda hajui: maji yakirudi mtoni yanaacha tope, na kwenye tope hilo tunapanda mahindi, kunde na maboga bila kungoja mvua. Mbingu zilipotakata nikarudi kwenye Sentinel-2, kwenye mpangilio unaoitwa NDWI, ambao huyatenga maji na nchi kavu. Tukaona bonde linavyokauka kipande kwa kipande. Wazee mengi walishayajua, sitawapora. Ila ndani ya programu kuna kipimo cha eneo, na bwana shamba alipouliza ni hekta ngapi zinahitaji mbegu, kwa mara ya kwanza tulimjibu kwa namba badala ya kunyoosha mkono kuelekea mtoni.

Mabishano ya bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye mto huuhuu huko juu, programu hii haitayamaliza. Unaweza kulitazama likijaa tangu Desemba 2022, picha baada ya picha, watoto wanalipenda sana hilo. Lakini nani alaumiwe, mvua au bwawa, picha haisemi, na nimechoka kuulizwa.

Kero nyingine. Kwenye simu ndogo ni mateso, natumia laptop ya mwalimu. Kiswahili sijakiona humo. Na bando linaisha kama maji kwenye gunia. Jioni moja ya kuvinjari picha ilinimalizia kifurushi cha wiki. Siku hizi nafunga safari hadi Ikwiriri kwenye intaneti nzuri, nahifadhi picha ninazozitaka, narudi.

Naipa nyota 4. Kwa mtu wa kamati ya maji, bwana shamba au mwalimu wa jiografia aliye tayari kutembea na kuhakiki, aichukue leo. Anayetaka kubonyeza apate jibu ataishia kuwahamisha watu kwa sababu ya mchanga.

Yule mzee sasa ndiye anayenisumbua. Kila nikirudi kutoka Ikwiriri ananiuliza Ziwa Zumbi limebaki na maji kiasi gani, na samaki je, wanaonekana? Samaki hawaonekani, nimemwambia mara tatu.