Laga za Kijerumani kwa Mpenda Hopsi: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mnunuzi anayeingia katika duka la vinywaji nchini Ujerumani hukuta kreti zimepangwa hadi juu ya kichwa chake, na nyingi kati ya hizo zina bia ya rangi ya dhahabu, yenye kilevi cha takriban asilimia 5, iliyotengenezwa kwa maji, kimea cha shayiri, hopsi na hamira. Kwa kuwa viambato ni vilevile, ni rahisi kudhani kwamba kinachotofautiana ni lebo tu, na hivyo kuchukua ile inayotangazwa zaidi au iliyopunguzwa bei wiki hiyo. Mwongozo huu unashauri utaratibu mwingine: tazama kwanza aina ya laga (bia inayochachushwa na kukomazwa kwenye baridi), kisha hopsi, kisha tarehe na rangi ya chupa, na jina la kiwanda lije mwisho. Nafasi zilizotolewa hapa zimepangwa kwa kigezo kimoja, yaani namna bia inavyomwonjesha mnywaji hopsi za Kijerumani kwa bei ya bia ya kila siku. Anayetafuta utamu wa kimea au kilevi kikali anaweza kuusoma mpangilio huu kutoka chini kwenda juu.

Hopsi ni maua ya kike ya mmea unaotambaa, ambao hupandishwa kwenye nyaya zenye kimo cha takriban mita 7 na kuvunwa kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi katikati ya Septemba. Ndani ya maua hayo mna unga wa manjano uitwao lupulini, wenye asidi za alfa, ambazo hutoa uchungu zikichemshwa kwa muda mrefu, pamoja na mafuta yenye harufu, ambayo huruka upesi yakikaa motoni. Ndiyo maana mtengenezaji hutia hopsi za uchungu mapema na hopsi za harufu karibu na mwisho wa kuchemsha. Mmea huu hutaka siku ndefu za kiangazi ili uchanue vizuri, na siku hizo hazipo karibu na Ikweta, ambako mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima. Kwa sababu hiyo hata Tusker na Kilimanjaro, ambazo nazo ni laga, hupata uchungu wake kwa hopsi za kuagizwa.

Huko Ujerumani mashamba makuu yako kusini. Hallertau, katika jimbo la Bavaria kaskazini ya Munich, ndilo eneo kubwa kuliko yote duniani la mashamba ya hopsi yaliyoungana. Tettnang liko karibu na ziwa la Bodensee. Na Spalt liko kusini ya Nuremberg. Kila eneo lina hopsi yake ya jadi: Hallertauer Mittelfrüh, Tettnanger na Spalter. Ukiongeza Saaz ya mji wa Žatec nchini Chekia, unapata hopsi nne ambazo watengenezaji wa laga wamezipa hadhi ya pekee tangu zamani. Asidi zake za alfa ni chache, kwa kawaida kati ya asilimia 3 na 5, na sifa yake ni harufu tulivu ya maua, nyasi kavu na viungo kidogo. Saaz, Tettnanger na Spalter ni za ukoo mmoja, na aliyeizoea moja hataona ugeni kwa nyingine. Mittelfrüh ni laini zaidi na ina harufu ya maua iliyo wazi.

Hopsi hizo za jadi hazina mavuno makubwa, na ugonjwa wa kunyauka uliwahi kuiangamiza Mittelfrüh katika sehemu kubwa ya Hallertau. Kituo cha utafiti cha Hüll, kilichoanzishwa mwaka 1926 wakati ukungu ulipokuwa ukiteketeza mashamba, kilizalisha mbegu zenye uwezo wa kustahimili, zikiwamo Perle na Hallertauer Tradition, ambazo bado zina harufu inayokaribia ile ya kale. Baadaye zikaja Magnum na Herkules, zenye asidi za alfa zinazopita asilimia 12. Herkules ndiyo inayochukua eneo kubwa zaidi la mashamba ya Kijerumani leo, na sababu yake ni ya kibiashara: kilo chache hutoa uchungu ambao ungehitaji kilo nyingi za Tettnanger. Si hopsi mbaya. Lakini bia iliyopewa uchungu wake wote na Herkules, bila hopsi ya harufu mwishoni, itakuwa chungu tu, na mnywaji hatajua kwamba alikuwa akinywa zao la eneo fulani.

Lebo husaidia kiasi. Sehemu ya viambato ikiandika *Hopfen* pekee, ni hopsi zenyewe, mara nyingi zilizosagwa na kushindiliwa kuwa punje. Ikiandika *Hopfenextrakt*, kuna dondoo lililokamuliwa kiwandani, ambalo ni halali na hutumika hasa kwa uchungu. Mwandishi wa mwongozo huu huipendelea ya kwanza, na hupendelea zaidi kiwanda kinachotaja hopsi zake kwa jina na mahali, kwa kuwa anayelipa zaidi kwa Tettnanger au Mittelfrüh hana sababu ya kulificha jambo hilo. Maneno yanayodai kwamba bia imefuata sheria ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyoweka mipaka ya viambato vya bia, hayamsaidii mnunuzi kuchagua, kwa kuwa laga karibu zote zinazotengenezwa Ujerumani kwa soko la ndani hufuata kanuni zilizotokana na sheria hiyo, zile tamu na zile zisizo na ladha yoyote.

Nafasi ya kwanza inakwenda kwa Pils ya kusini, na chupa ya kuanzia nayo ni Tannenzäpfle ya kiwanda cha Rothaus, yenye kilevi cha asilimia 5.1. Kiwanda hicho kiko juu katika Msitu Mweusi, kilianzishwa mwaka 1791 na monasteri ya St. Blasien, na leo ni mali ya jimbo la Baden-Württemberg. Hopsi zake hutoka Tettnang na Hallertau. Pils ya Kijerumani ni mtoto wa bia iliyotengenezwa mjini Plzeň, katika Chekia ya leo, mwaka 1842 na Josef Groll, mtengenezaji aliyetoka Bavaria. Wajerumani waliifanya kavu zaidi, nyepesi zaidi kwa rangi, na kuacha uchungu ukae ulimini baada ya kumeza. Katika Pils za kaskazini uchungu huo mara nyingi huitangulia harufu. Katika Tannenzäpfle harufu ya maua na nyasi huja kwanza, kimea kinafuata, na uchungu hufunga bila kukwaruza. Chupa yake ndogo ya mililita 330 ni ya rangi ya kahawia, jambo ambalo umuhimu wake utaelezwa hapa chini. Kama msomaji atanunua bia moja tu kutoka orodha hii, basi iwe hiyo.

Nafasi ya pili ni Helles, na wapo wengi mjini Munich watakaosema imeonewa kwa kutowekwa ya kwanza. Kiwanda cha Spaten kiliitoa mwaka 1894 ili kushindana na bia za rangi ya dhahabu zilizokuwa zikitoka Bohemia, eneo lenye mji huo wa Plzeň, na tangu hapo imekuwa bia ya kila siku ya Bavaria. Tofauti yake na Pils inaonekana kwenye vipimo vya uchungu: Helles huwa na vipimo 16 hadi 22 hivi katika kipimo cha kimataifa, ilhali Pils huanzia takriban 22 na kufika 40. Hopsi hapa haipigi mbele. Kazi yake ni kuuzuia utamu wa kimea usichoshe, na hopsi za Hallertau zimeizoea kazi hiyo. Augustiner Lagerbier Hell, yenye asilimia 5.2, ndiyo ambayo watu wa Munich huitaja kwanza, na sifa hiyo imeenea ingawa kiwanda hicho kinajulikana kwa kutojitangaza. Weihenstephaner Original, asilimia 5.1, hutengenezwa Freising, karibu kabisa na mashamba ya Hallertau, na kwa ulimi wa mwandishi ina hopsi inayosikika zaidi kidogo kuliko ya Augustiner. Anayenunua kreti nzima kwa ajili ya wageni ambao hajui ladha zao achukue Helles; ni mara chache mtu hukataa glasi ya pili.

Ya tatu ni Pils ya kaskazini, na mfano wake mkali ni Jever, kutoka Friesland karibu na Bahari ya Kaskazini, yenye asilimia 4.9. Ni kavu na ni chungu waziwazi, kiasi kwamba wapo watakaoiacha nusu. Sababu ya kuiweka hapa na si juu zaidi ni mbili: uchungu wake huitawala harufu, na chupa yake ni ya kijani. Pils za viwanda vikubwa zinazouzwa kila kituo cha mafuta zifuate hapo baadaye. Kati ya hizo, Bitburger, asilimia 4.8, ina jambo la kuvutia, kwani sehemu ya hopsi zake hulimwa Holsthum, kijiji kilicho jirani na kiwanda, mbali kabisa na maeneo makuu ya hopsi.

Festbier, inayotengenezwa kwa ajili ya sherehe za Oktoberfest, ina kilevi cha takriban asilimia 6 na huuzwa madukani kuanzia mwishoni mwa kiangazi. Viwanda 6 tu vya Munich ndivyo vinavyoruhusiwa kuuza kwenye uwanja wa sherehe: Augustiner, Hacker-Pschorr, Hofbräu, Löwenbräu, Paulaner na Spaten. Ni Helles iliyoongezewa kimea, yenye hopsi ya kutosha kuibeba, na inanyweka kwa urahisi unaoweza kumdanganya mnywaji kuhusu nguvu yake. Inunuliwe Septemba. Ikipunguzwa bei mwezi Januari, punguzo hilo lina sababu.

Za rangi nyeusi zinabaki chini kwa kigezo chetu, wala si kwa ubaya wake. Köstritzer Schwarzbier ya Thuringia, asilimia 4.8, ina ladha ya kimea kilichokaangwa na mwisho mkavu, na humshangaza anayetarajia bia nzito. Doppelbock, yaani laga nzito yenye kilevi kikali, kama vile Salvator ya Paulaner yenye asilimia 7.9 au Celebrator ya Ayinger yenye asilimia 6.7, ni chakula cha kimea. Hopsi imo, lakini haisemi.

Kwa wasiotumia kilevi kwa sababu ya dini au afya, ni muhimu kujua kwamba bia inayoandikwa *alkoholfrei* nchini Ujerumani inaweza kuwa na kilevi cha hadi asilimia 0.5. Anayetaka isiwepo kabisa atafute iliyoandikwa 0,0. Jever Fun huhifadhi uchungu wa Jever kwa kiasi cha kuridhisha.

Baada ya kuchagua aina, ukaguzi wa chupa ndio unaoamua. Mwanga huvunja viambato vya uchungu vinavyotokana na hopsi, na matokeo yake ni harufu inayomkumbusha mtu kicheche, hata ndani ya muda mfupi juani. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo, na ile isiyo na rangi haizuii kitu. Kwa hiyo chupa za kijani zichukuliwe katika kreti iliyofunikwa na nyingine, kamwe zisitoke kwenye rafu iliyo chini ya taa au dirishani. Pamoja na hilo, harufu ya hopsi ndiyo inayotangulia kufa bia inapozeeka, hivyo kati ya kreti mbili za Pils ileile, ichukuliwe yenye tarehe ya mwisho iliyo mbali zaidi, hata kama ile nyingine ina punguzo.

Msomaji wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anapaswa kuupindua mpangilio huu kidogo. Bia iliyosafiri baharini ndani ya kontena na kukaa ghalani kwenye joto hupoteza kwanza kile kilichoifanya Pils iwe ya kwanza, na kilichobaki huwa na ladha ya karatasi iliyolowa. Katika hali hiyo Helles ya kopo, ambalo halipitishi mwanga, ni chaguo salama kuliko Pils ya chupa, na Doppelbock, ambayo haitegemei harufu ya hopsi, huvumilia safari vizuri zaidi. Windhoek Lager ya Namibia, nchi iliyotawaliwa na Wajerumani hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, hutengenezwa kwa kimea, hopsi na maji kwa kuifuata ile sheria ya 1516. Kilevi chake ni asilimia 4 tu, na inapopatikana ikiwa na tarehe nzuri, huishinda Pils iliyochoka kutoka Ulaya.

Swali la baa zetu, "Ya moto au ya baridi?", lina jibu la tatu kwa bia hizi. Friji ya nyuzi 2 huifunga harufu ya hopsi, na fedha iliyolipiwa Tettnanger hupotea bure. Pils na Helles zinapendeza kati ya nyuzi 6 na 8, na Doppelbock karibu na nyuzi 10. Zimiminwe kwenye glasi ili povu lipande, kwa sababu harufu nyingi hutokea hapo.

Kuhusu malipo, bei ya rafuni nchini Ujerumani haijumuishi amana: senti 8 kwa chupa ya kawaida ya bia, senti 15 kwa chupa ya kizibo cha waya, na senti 25 kwa kopo. Kreti ya chupa 20 za nusu lita humwongezea mnunuzi euro 3.10, ambazo ni euro 1.60 za chupa na euro 1.50 za kreti yenyewe, na zote hurudishwa chupa zinaporudi.