Noah au pikapu ya 4x2: la kununua kabla mvua hazijaanza

Nafuga kuku Ruai, pembezoni mwa Nairobi, na nilipotafuta gari kila mtu aliniambia mfugaji haendeshi gari la familia. Nikanunua pikapu ya 4x2, yaani inayosukumwa na magurudumu mawili tu. Mvua za Aprili zilipoanza nilishusha mayai mjini, nikarudi jioni bodi ikiwa tupu, na karibu na lango langu magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bila gari kusogea. Nilivyozidi kukanyaga mafuta ndivyo yalivyozidi kuchimba. Nimesimama hapo viatu mkononi, jirani akanipita na Toyota Noah iliyojaa watoto wa shule, polepole, hadi mlangoni kwake. Mimi nilitolewa na trekta kesho yake, shilingi 3,000.

Tangu 2001 Noah ya kawaida huvutwa na magurudumu ya mbele, na injini na giaboksi zimekaa hapo hapo juu yake. Uzito unayabana chini, yanashika. Pikapu ya 4x2 husukumwa na magurudumu ya nyuma, na bodi ikiwa tupu hakuna cha kuyabana. Kule Marekani, theluji ikianguka, wenye pikapu za namna hii hupakia mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma.

Basi nikauza pikapu, nikachukua Noah kwenye yadi moja. Nikateleza tena, safari hii hadi mtaroni.

Kosa lilikuwa kwenye tairi, na ndilo jambo ambalo wanunuzi hawalitazami kabisa. Wanafungua boneti, wanauliza kilomita, wanasikiliza redio, tairi wanazipiga teke tu. Baadhi ya magari ya kutoka Japani hufika Mombasa yakiwa bado na tairi za theluji. Muuzaji aliniambia, "Mama, hizi ni mpya, za Japani kabisa," na kweli zilikuwa na meno marefu. Soma ubavuni: ukiona neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani, huenda ni hizo. Kisha tazama uso wake. Kila jino limekatwakatwa mistari myembamba ya kujikunjakunja, kama limepitishwa wembe. Ile mistari ndiyo inayong'ata theluji. Udongo wetu mweusi ukiingia humo hautoki, na baada ya mizunguko michache uso wa tairi umekuwa telezi kama chungu ambacho hakijachomwa.

Mpira wake nao umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7. Hata Julai yetu mchana haifiki huko. Kwenye lami ya moto unalika haraka, na lami ikilowa gari linachelewa kusimama. Hilo la mwisho ndilo linaloniudhi zaidi, maana mimi hubeba watoto. Ukiwa hapo soma pia tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya kiwandani iliyo ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2318 ni wiki ya 23 ya 2018.

Chaguo langu la kwanza ni Noah ya 2014 hadi 2021, petroli ya lita 2, na sifichi kwamba naipenda. Vipuri vyake viko tele Kirinyaga Road, na viti vya nyuma vikikunjwa pembeni napakia magunia matano ya chakula cha kuku. Ivalishe tairi zenye mikato mipana, na ukiingia matopeni uzime TRC, ule mfumo wa kuzuia magurudumu kuteleza, la sivyo gari litakata nguvu pale unapoihitaji. Udhaifu wake ni mlima: ukiwa umejaza nyuma, mbele hupungua uzito na magurudumu yanateleza. Geuza, upande kinyumenyume. Ukiambiwa Noah fulani ni 4WD, yaani inaendeshwa na magurudumu yote manne, chutama uchungulie chini. Kama huoni propela shafti, ule mhimili mrefu wa chuma, ikienda kwenye difu ya nyuma, hiyo ni bei ya 4WD kwa gari la kawaida.

Ya pili ni Isuzu D-Max 4x2, inayounganishwa hapa hapa Nairobi. Springi zake za nyuma zimekusudiwa mzigo, na ukiwa nao inapita vizuri. Inunue kama hurudi mtupu kamwe, au kama uko tayari kutembea na magunia ya kokoto juu ya ekseli msimu mzima wa mvua.

Nissan Serena na Honda Stepwgn nazo huvutwa mbele, zinafaa ukikosa Noah safi. Toyota Sienta ni ya bei nafuu lakini tumbo liko chini. Ibaki kwenye lami.

Ile yadi niliirudia. Muuzaji akasema tairi hazina gerentii, na kwamba wateja wengine huziomba. Kwenye mkataba gari lilikuwa na "tairi nne nzuri", maneno hayo tu, na nilikuwa nimetia sahihi. Tairi nne nyingine zikanila 48,000, pesa ya chakula cha vifaranga. Kwa hiyo usilipe hata amana kabla hujapiga picha ubavu wa kila tairi, na zikiwa za theluji, bei ya tairi nne itolewe kwenye bei ya gari na iandikwe kwenye mkataba. Akikataa, yadi za Ngong Road hazijaisha.