Mahindi yasiliwe na dumuzi: nini cha kununua kabla ya kuhifadhi

Kung'uta gunia la mwaka jana kwenye ungo. Ukiona unga mwingi kama poda na punje zimebaki maganda, huyo ni dumuzi, yule wengine humwita skania. Ukikuta mdudu mwenye pua ndefu, ni fukusi. Watofautishe, maana dawa inayomaliza mmoja huweza kumwacha mwenzake.

Chaguo langu la kwanza ni mifuko ya kinga njaa, ile ya PICS na jamii yake: mifuko miwili ya nailoni nzito ndani ya kiroba cha kawaida. Hewa haipiti, wadudu wanamaliza oksijeni iliyomo, wanaacha kula na kufa. Hakuna sumu, kwa hiyo hata ukifungua kesho unasaga. Bei yake ni mara kadhaa ya kiroba, lakini usipotoboka unautumia msimu mwingine. Pale pale dukani, jaza hewa kila nailoni, sokota mdomo, kandamiza, usikilize kama inavuja. Nyumbani funga kila mmoja peke yake, upange juu ya mbao, mbali na ukuta, na panya uwashughulikie mapema. Kwa maharage sioni mshindani, kwani fukusi wake huanzia shambani.

Lakini mfuko huu hauponyi mahindi mabichi. Huku kwetu Uyole, Mbeya, na zaidi Njombe na Makete, tunavuna kwenye baridi na punje inadanganya: juu kavu, ndani mbichi. Ukizifungia hivyo zinaota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Pima hivi: chupa ya kioo iliyokauka, mahindi robo chupa, chumvi kavu vijiko viwili. Tikisa dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi kwenye turubai.

La pili ni kihenge cha bati. Panya hagusi, na kinadumu miaka mingi, ila fedha inatoka yote kwa mkupuo. Kinamfaa mwenye gunia tano na kuendelea. Kabla hujamlipa fundi, funga kifuniko cha juu mchana, chungulia kwa mlango wa chini. Ukiona hata kitone cha mwanga, hewa nayo itapita; arudie kuchomea. Kiweke kivulini, jua lisikipige.

La tatu, dawa ya unga na kiroba. Ndiyo rahisi mfukoni na wengi tunaanzia hapo. Chukua yenye viambato viwili, kama Actellic Super: pirimifosi-methili kwa fukusi, permethrini kwa dumuzi. Nunua pakiti iliyofungwa, soma tarehe na kipimo. Niliwahi kununua ya kupimiwa kwa kijiko sokoni; kufika Desemba, usiku nilikuwa nasikia magunia yakitafunwa, na asubuhi unga umemwagika sakafuni. Watoto walikula ugali wa kununua hadi mavuno. Dawa ya kunyunyizia shambani usiiguse kabisa kwa chakula.

Vidonge vya kufukizia ninaviweka mwisho, na kwa nyumbani nasema usinunue. Vinatoa gesi ya fosfini, na nyumba zetu nyingi gunia linalala chumba kimoja na watoto. Gesi hiyo inaua watu. Kazi hiyo ni ya maghala, kwa mtu aliyefundishwa.