Ubao wa kaiti usio na mikanda: tazama boksi la pezi kabla ya kuuliza bei

Kusi ikielekea kuisha, mbao nyingi za kaiti, zile unazosimama juu yake baharini ukivutwa na tiara kubwa, na hizi hazina mikanda ya miguu, hufikishwa kwa fundi zikiwa na ugonjwa mmoja, na haupo pale juu unapokanyaga. Uko tumboni, pembeni mwa boksi la pezi, yaani tundu linapochomekwa pezi: ufa mwembamba kama unywele ambao mwenyewe hakuuona, maji ya chumvi yakapenya, na kiini cha stairofomu kikaanza kuyanywa. Ubao ulionunuliwa ukiwa mwepesi sasa una tezi, yaani upande wa nyuma, inayozama, na lawama zote anabebeshwa upepo.

Wanunuzi huuliza urefu, lita na rangi. Hayo muuzaji yeyote atakutajia bila kusumbuka. Boksi haliulizwi.

Hapa Mombasa, kuanzia Nyali hadi Shanzu, mchezo wetu uko kati ya ufuo na mwamba. Siku za bamvua, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, kwa hivyo pale ulipopita salama saa tisa, saa kumi na moja pezi linakwaruza matumbawe. Pezi la sentimita 11 likigota jiwe ubao ukiwa mbioni huwa wenzo: ncha inarudishwa nyuma, shina lililochomekwa ndani linalichokonoa boksi. Na mapezi mengine ni ya G10, yaani faiba iliyoshindiliwa mpaka ikawa ngumu kupindukia. Pezi hilo halikatiki, basi boksi ndilo linaloachia. Nunua seti ya pili, ya plastiki au faiba ya kawaida, uivae maji yakipwa. Ubao utateleza kidogo kwenye kona kali, lakini jiwe likikukuta litakalokatika ni pezi, na pezi lipo dukani.

Mifumo ya kufungia mapezi utakayokutana nayo ni miwili, Futures na FCS II. Futures ina shina moja refu na skrubu moja mbele. Nguvu inasambaa kwenye boksi zima, nami ndiyo ninayoipendelea. FCS II husukumwa ikajifunga bila kifaa. Ni rahisi sana ufuoni, ila ikishalegea, ukigota pezi linaweza kuchomoka likapotea, hivyo tia zile skrubu ndogo za kulishikilia. Ufunguo wa skrubu za mifumo yote miwili ni wa inchi 3/32. Chukua funguo mbili, kutu ya hapa haina simile.

Ukinunua uliotumika, shika kila pezi ulisukume upande kwa upande huku ukitazama rangi kuzunguka boksi. Rangi ikifunguka, weka ubao chini uondoke. Kisha upime kwa mizani ya mizigo, bila mapezi, ulinganishe na uzito uliotajwa na mtengenezaji. Ukizidi nusu kilo, huenda ni maji. Kipimo cha tatu: funga skrubu ya pumzi, ile ndogo ya kutolea hewa iliyo ndani ya ubao, paka povu la sabuni kwenye maboksi, weka ubao juani dakika chache tu. Hewa ya ndani hutanuka, na penye ufa povu hufanya mapovu.

Sasa mtindo wako.

Wa kwanza kwa Mombasa, bila kubishana, ni ubao mfupi wenye omo, yaani upande wa mbele, pana na tumbo lisilopinda sana, futi 5 hadi futi 5 na inchi 3 kwa mtu wa kilo 65 hadi 80. Ndani ya mwamba maji ni matulivu, na kaskazi ya Desemba hadi Machi mara nyingi ni ya kadiri. Tumbo lililonyooka huanza kuteleza mapema. Ndio huohuo wa kuruka na kuuzungusha hewani. Hapa ninaegemea F-One Slice, na Duotone Whip inaifuata kwa karibu. Uwe na zulia la mpira juu nzima, na ukingo ulioinuka nyuma ili mguu upate pa kushika. Nta peke yake, hata ile iliyotengenezwa kwa bahari za joto, hulainika ubao ukianikwa.

Wa pili ni ule wa mawimbi: futi 5 na inchi 4 hadi futi 5 na inchi 10, tumbo lililopinda, tezi nyembamba, mapezi matatu. F-One Mitu Pro ndio chaguo langu, umebeba jina la Mitu Monteiro wa Cape Verde. Duotone Pro Wam na Core Ripper si mbao za kudharau. Lakini faida yake utaiona nje, mwambani, maji yamejaa na kusi imekolea. Ukiwa hujafika huko bado, utakuwa unavuta kaiti kubwa bure.

Zile mbao za bei nafuu za mawimbi ya kawaida, za poliyuretani, kisigino kitazibonyeza ukitua mara chache. Za kujifunzia, basi.

Kuhusu wauzaji: bei ya ubao bila mapezi si bei. Unatajiwa kiasi, unakubali, halafu mapezi yanageuka hesabu nyingine, zulia nyingine, na VAT ya asilimia 16 inakumbukwa mwishoni. Picha nazo ni za juu tu. Mtu akikuuzia ubao uliotumika na hataki kuugeuza upige picha tumboni, keshakujibu. Ukimwuliza kuhusu skrubu ya pumzi akakodoa macho, ujue pia ubao umeshinda kwenye gari juani skrubu ikiwa imefungwa, na ngozi imeanza kubanduka. Skrubu hiyo hulegezwa garini na kwenye ndege, hukazwa kabla ya kugusa maji.

Boksi likipasuka, toka majini papo hapo. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, ng'oa pezi, simamisha ubao kivulini ufa ukiangalia chini, na uuache mpaka usione tone. Mafundi wetu wa boti za faiba wana mkono mzuri, ila gundi waliyoizoea ni ya poliesta, na poliesta huyeyusha stairofomu. Mwambie fundi atumie epoksi, na umwone akifungua kopo.