Karakana ya chapa karibu na Soko Kuu, Iringa: chukua za nyeusi na nyeupe

Mimi ni mpima ardhi. Kila siku naiona milima ikilazwa kwenye karatasi kwa kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja: mistari ikibanana, pana mwinuko mkali, ikiachana, pana tambarare. Ndiyo maana chapa za karakana hii, picha zinazochongwa kisha kuchapwa kwa mkono, zilinishika.

Ya Isimila, korongo la nguzo za mawe karibu na Iringa, inazipita zote. Imechongwa kwenye kipande kimoja cha linoleamu, tandiko la sakafu linalochongeka kwa urahisi, ikapakwa wino mweusi kwa rola, kisha karatasi ikasuguliwa juu yake kwa mgongo wa kijiko. Hakuna kijivu hata chembe: palipochongwa panabaki peupe, palipoachwa panatoka peusi. Na bado korongo lina kina. Nguzo za mbele zina mistari michache, mipana. Za nyuma zina mistari myembamba inayozidi kusogeleana, mpaka zile za mwisho karibu zinapotelea kwenye weupe wa karatasi. Nguzo moja kubwa imesimama pembeni kabisa, nusu yake imekatwa na ukingo, nawe unajikuta unataka kuchungulia nyuma yake. Hiroshige, mchoraji wa chapa wa Japani, aliitumia sana mbinu hiyo katika picha zake za Edo (Tokyo ya leo) za 1856 hadi 1858: kitu kikubwa puani, nchi nzima nyuma yake.

Ya Gangilonga, lile jiwe kubwa la Iringa, inakwenda kinyume. Jiwe, mapaa ya bati, bodaboda na akina mama wa sokoni vimepangwa kutoka chini kwenda juu, na cha mbali hakipungui ukubwa. Mteja mmoja alisema mchoraji hajui umbali. Sikubaliani naye hata kidogo. John Muafangejo, msanii wa chapa wa Namibia, alijaza chapa zake namna hiyo, watu na maandishi bega kwa bega, na zina nguvu ajabu. Hapa unauona mji kama anavyoujua anayeutembea, si kama unavyoonekana ukisimama mahali pamoja.

Za rangi ziache kwanza. Vipande vilivyochongwa kwa kila rangi havikukaa sawasawa. Kijani cha mashamba kimepanda juu ya bluu ya milima, umbali wote umekufa. Kwa shilingi 60,000 hilo si dogo. Nyeusi na nyeupe ni 35,000.

Mwombe dada anayechapa akuonyeshe linoleamu yenyewe, hakatai. Fremu tafuta kwingine: kioo chao kinang'aa mno, kinameza ile mistari myembamba ya nguzo za nyuma.