RAV4 yangu, Land Rover ya marehemu baba, na fundi aliyenitia hasira

"Hili kauze chuma chakavu, mama." Niliambiwa hivyo kwenye gereji moja pale Mwanjelwa, Mbeya, watoto wangu wamesimama pembeni wanasikia.

Gari lenyewe ni Toyota RAV4 ya 1997. Lilinizimikia Isyonje, ukungu umetanda, nyuma kuna magunia matatu ya viazi, tukavutwa kwa kamba hadi mjini. Yule kijana akatafuta chini ya usukani mahali pa kuchomeka kompyuta yake, hakupaona, basi akaamua kwamba gari halisomeki. Boneti hakuigusa! Halafu akadai elfu thelathini za kupima. Kupima nini? Nililipa ili tu geti lifunguliwe, tukalivuta mpaka nyumbani Uyole.

Usiku ule niliilia Land Rover ya baba, Series III. Ile ikikata moto kwenye milima hiyohiyo, mzee alifungua kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa moto kwenye plagi, akaisugua platini, swichi ndogo ya moto iliyo ndani yake, kwa kipande cha msasa, akachomeka hendo, chuma cha kuwashia kwa mkono, mbele, akazungusha, tukaondoka. Ungeniuliza saa ile ningekwambia magari ya kweli yaliishia pale, haya mengine ni kununua presha.

Asubuhi jirani akaniletea mzee mmoja, fundi wa malori tangu zamani. Nikamwamkia, nikamweleza. Akafungua boneti, akabandua kifuniko cha kisanduku kidogo kilichoandikwa DIAGNOSIS, akaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kiwaya.

"Washa swichi, mwanangu, usipige stata. Hesabu taa ya injini."

Ikamulika mara moja, ikatulia, ikamulika mara nne.

"Kumi na nne. Hiyo ni shida ya moto wa plagi."

Akafuata waya hadi kwenye soketi ya igniti, kifaa kinachowasha na kuzima umeme wa moto huo. Ndani kumejaa kutu ya kijani. Akatoa msasa. Msasa, kama wa baba! Stata moja, likaunguruma.

Kwa hiyo nafuta nusu ya niliyoyasema. RAV4 ya miaka hiyo inakutajia ugonjwa wake yenyewe, na kwa mafuta Land Rover ile ilikuwa inatumaliza. Ila platini baba aliiona kwa macho yake, hakuhitaji kuhesabu taa. Mimi bila yule mzee ningeliuza gari zima kwa kilo, kwa sababu ya soketi inayoenea kiganjani.

Zile elfu thelathini naenda kuzidai, na nitaingia gereji kwao naliendesha mwenyewe.